Casque Original ya Shemeki Hugues

Larissa alikuwa na kazi mbili. Asubuhi alikuwa katibu katika institut, shule moja ya hapa Bukavu, akipiga mihuri kwenye karatasi ambazo Mungu peke yake ndiye atakayezisoma. Alasiri, akisharudi nyumbani Nguba, akavua viatu na kuwasha kompyuta, alikuwa fundi wa sauti. Watu wanarekodi nyimbo, yeye anazichanganya: anapunguza gitaa, anapandisha ngoma, anamtafutia kila mwimbaji mahali pa kusimama ndani ya wimbo. Huo ndio mixage. Familia ya mumewe iliita "ile mambo yake ya muziki", kwa ile sauti ambayo watu hutumia kusema kwamba fulani siku hizi amerudia pombe.

Kazi hiyo aliifanyia kwenye meza ya chakula, kati ya thermos ya chai na sanamu ya Bikira Maria, akiwa amevaa casque, yaani visikilizio vile vikubwa vinavyofunika masikio yote mawili. Spika za studio asingeweza kuzitumia pale. Upande mmoja kulikuwa na jirani mchungaji, aliyepata maono kila alasiri na aliyekuwa na kipaza sauti cha kuyatangazia. Upande wa pili walikuwa wanajenga, kama Bukavu yote inavyojenga bila kumaliza. Na mvua ikianguka juu ya mabati, hata maono yalikatika. Ndani ya casque tu ndimo mlimokuwa na amani.

Basi chorale, yaani kwaya ya parokia, ikaamua kutoa albamu ya jubilei. Président wa chorale, Papa Télesphore, mtu ambaye hakuwahi kuimba noti moja sawasawa lakini alikuwa na koti linalofaa sherehe zote, alisimama baada ya misa akatangaza kwamba albamu hiyo "itavuka mipaka". Mipaka ipi, hakusema. Kutoka Nguba mpaka Rwanda ni kushuka tu, kwa hiyo ahadi haikuwa ngumu.

Mixage alipewa Larissa, na sababu haikuwa kipaji chake. Larissa alikuwa muke wa Ignace, Ignace alikuwa mtoto wa Maman Georgette, na Maman Georgette ndiye aliyekuwa mwimbaji mkuu wa chorale. Nafasi hiyo alikuwa nayo tangu kabla Larissa hajapata komunyo ya kwanza. Ilikuwa kama parcelle, kiwanja chenye hati: hakuna aliyethubutu kupita hata pembeni yake.

Kati ya wanawake hao wawili mambo hayakuwa mazuri, na mtaa mzima ulijua. Larissa alizaliwa na sauti ndogo, nyembamba, ya kuteleza. Hata akiita kuku, kuku walisubiri wahakikishiwe. Maman Georgette alipokuja kuwatembelea, mazungumzo yalikwenda hivi:

"Maman, chai iko tayari."

Kimya.

"Maman, naweka sukari?"

Kimya. Maman Georgette anaangalia dirisha kama mtu anayesubiri ugeni wa maana zaidi. Kisha ghafla:

"Juu ya nini unanung'unika? Mutu anasema kama mutu!"

Larissa alikuwa anakwenda jikoni kusafisha sufuria ambayo ilikuwa safi tayari. Ignace, mumewe, mwanaume mwenye amani nyingi hasa inapomhusu yeye mwenyewe, alikuwa anamfuata mpaka mlangoni na kusema, "Maman iko vile tu." Huo ndio uliokuwa mchango wake wote katika upatanisho wa familia.

Hapo ndipo anapoingia Hugues, mdogo wake Ignace. Hugues alikuwa amesoma informatique, ile elimu ya kompyuta, alifanya kazi katika ONG, shirika la misaada, na alikuwa na maoni juu ya kila kitu chenye kitufe. Aliposikia habari ya albamu alikuwa Kampala kwenye semina, mojawapo ya zile semina ambazo watu huenda kujifunza jinsi ya kuandaa semina. Alirudi na zawadi ndani ya boksi jeusi linalong'aa.

"Shemeki," alimwambia Larissa, yaani shemeji yake, "ile kitu ulikuwa natumika, tupa. Hii njo casque ya bamixeur ba kweli. Bastudio bote ba Bulaya iko natumika hii. Original."

Larissa aliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito, nzito ya kutia heshima. Jina la kampuni kubwa liliandikwa pembeni kwa herufi za fedha. Aliivaa, na besi ikaingia kichwani kama lori la bia linaloshuka Nyawera bila breki.

"Eh, shemeki! Aksanti mingi."

"Hakuna mambo," Hugues alisema, kwa unyenyekevu wa mtu ambaye angependa mambo hayo yarudiwe mbele ya watu.

Kwa casque hiyo Larissa alichanganya wimbo wa kwanza na kuutuma kwenye kikundi cha WhatsApp cha chorale. Kabla chai haijapoa, wataalamu walikuwa wamejitokeza. Mmoja aliandika kwamba wanaume hawasikiki. Mwingine aliandika kwamba sauti ya Maman Georgette "inakwaruza kidogo, lakini ni muzuri sana", kisha akafuta, kisha akaweka picha ya mikono inayosali. Papa Télesphore alituma ujumbe wa sauti mrefu ambao ndani yake hakusema kitu.

Maman Georgette mwenyewe alikuja kusikiliza nyumbani. Alivaa casque juu ya foulard yake ya kichwani, akasikiliza mpaka mwisho, akaitoa.

"Umenifunika," alisema.

"Nimekufunika namna gani, Maman?"

"Niko mu blanketi. Nasikia babaume, nasikia ngoma. Miye niko wapi?"

Kwenye kikundi waliandika anakwaruza, yeye alisema amefunikwa blanketi. Larissa aliuona wazi moyo wa mama mkwe wake: huyu mwanamke asingeridhika hata malaika wangeshuka kumfanyia mixage.

Hugues aliitwa. Alikaa kwenye kiti, akasikiliza nusu ya wimbo, akatikisa kichwa kama daktari anayetaka familia ijiandae.

"Shemeki, casque yote inadanganyaka," alieleza. "Ata ya muzuri. Moja inaongeza besi, ingine inaongeza juu. Weye unafanya mixage juu ya uongo. Lakini kuko logiciel. Banapima kila casque mu laboratoire, banajua uongo yake yote. Unachagua jina ya casque yako, logiciel inageuza: penye inaongeza, yeye anapunguza, penye inapunguza, yeye anaongeza. Unabakia na ukweli. Iko kama miwani, ila ya masikio."

Kwa kweli maelezo hayo yalikuwa sahihi kabisa. Hugues hakuwa mjinga. Shida yake ilikuwa kwamba alikuwa na akili bila wasiwasi wowote, na hiyo ni hatari kubwa zaidi.

Waliweka ile logiciel, yaani programu, kwenye kompyuta. Orodha ya majina ya casque ilikuwa ndefu kama litania ya watakatifu, na jina la casque ya Larissa lilikuwemo. Hugues alibonyeza. Kwenye kioo cha kompyuta ukatokea mstari unaopanda na kushuka, na sauti ikabadilika papo hapo.

Ilikuwa mbaya. Besi ilivimba. Sauti za juu, zile zinazofanya "s" iwe "s" na kengele iwe kengele, zilizama. Chorale nzima iliimba kama imefungiwa ndani ya gunia la makaa, gunia limekaliwa na mtu.

"Hugues, hii njo ukweli?"

"Njo ukweli, shemeki. Masikio yako iko nazoea uongo. Ukweli mwanzoni inaumizaka. Zoea tu."

Larissa, ambaye alilelewa na masista, alikuwa amefundishwa kwamba kinachoumiza kina faida. Akazoea. Kila alasiri, courant ya umeme ikiwepo, alikaa mbele ya ule mstari na kufanya kazi. Kwa kuwa alisikia besi nyingi mno, aliikata. Kwa kuwa sauti za juu zilikuwa zimezama, alizipandisha: za Maman Georgette kwanza, za sopranos wengine baadaye, kisha tena za Maman Georgette. Taratibu chorale ilianza kutoka kwenye gunia. Mwishowe, ndani ya casque yake, wimbo uling'aa kama sahani iliyooshwa. Larissa alifurahi sana. Alimwita Ignace asikilize, Ignace akasema iko muzuri, kama alivyosema juu ya kila kitu kilichowahi kuwekwa mbele yake.

Siku ya kusikiliza ilikuwa Jumapili baada ya misa ya pili, katika salle, ukumbi wa parokia, kwa spika kubwa zilezile za harusi na vilio. Watu walijaa. Abbé, padri wetu, alikaa mbele. Papa Télesphore alitoa hotuba juu ya teknolojia, akamshukuru Hugues kwa jina, Hugues akainuka nusu na kukaa tena. Larissa hakutajwa, lakini alikuwa amezoea.

Wakabonyeza.

Ngoma ziligonga kama kucha juu ya kopo. Besi haikuwepo kabisa. Wanaume wa chorale walitazamana midomo wazi, kila mmoja akijiuliza kama siku ile ya kurekodi alikuwepo kweli. Kisha akaingia Maman Georgette. Namna ya kuieleza sauti ile ni ngumu. Wenye meno yaliyotoboka waliyashika. Mtoto mchanga aliyekuwa amelala tangu mahubiri, jambo ambalo halijawahi kuonekana, aliamka akalia, na kilio chake kilikuwa pumziko. Kila "s" ilipiga kama mafuta ya moto. Abbé alitazama mkono wake, mahali ambapo mtu huvaa saa, ingawa siku hiyo hakuwa ameivaa.

Katika salle nzima mtu mmoja tu alikuwa anatabasamu. Maman Georgette alikuwa ameinua kidevu, macho yamefumbwa, kichwa kinafuata wimbo. Ulipokwisha, alisema kwa nguvu:

"Enfin! Leo imetoka muzuri!"

Wengine walidhani ni mzaha. Larissa alijua ni mzaha, tena wa kwake yeye, mbele ya parokia nzima. Hugues alikuwa ametoka nje kupokea simu ambayo haikuwa imelia. Papa Télesphore alichukua tena kipaza sauti na kusema kwamba sanaa ni safari.

Larissa alipanda kilima mpaka nyumbani. Ignace alitembea nyuma yake akibeba kompyuta, na karibu na mlango akafungua mdomo.

"Maman iko vile t—"

"Ignace. Leo usiseme ile."

Ignace akaingiza kompyuta ndani.

Kesho yake Larissa alirudi kazini, akapiga mihuri yake kwa nguvu iliyoshangaza wanafunzi. Alasiri alijikaza akawasha kompyuta atafute kosa lake. Alivaa casque. Upande wa kulia ulikuwa umekufa. Alitikisa waya, ukafufuka, ukafa tena. Akachukua kisu cha jikoni, akaondoa kile kitambaa laini cha sikio, akafungua kifuniko aone waya uliochomoka.

Waya aliuona. Na karibu na waya aliona kitu kingine: kipande cha chuma, kinene kama kidole gumba, kimebandikwa kwa gundi. Hakikuungwa na kitu chochote. Kazi yake ilikuwa moja tu duniani, nayo ni kuwa kizito. Nyuma ya chuma kulikuwa na spika ndogo ya kusikitisha, aina ile inayokaa ndani ya midoli inayoimba, na juu yake jina lililochapishwa halikuwa la ile kampuni ya herufi za fedha. Alifungua upande wa kushoto. Chuma. Mapacha.

Larissa alikaa chini. Alianza kucheka, kidogo kidogo, halafu sana, mpaka jirani mchungaji alisimamisha maono asikilize. Kwa wiki zote zile programu ilikuwa inasahihisha kwa uaminifu mkubwa dhambi za casque iliyoko labda Bulaya, kichwani pa mtu mwingine. Ile aliyovaa yeye ilikuwa na dhambi zake tofauti, kinyume kabisa, na zikaongezewa juu. Hugues alikuwa amesema miwani ya masikio. Alisahau kusema kwamba ni miwani ya jirani, na macho ya jirani yanaumwa kinyume cha yako.

Hugues alikuja jioni ileile. Larissa aliweka vile vyuma viwili mezani, mbele ya Bikira Maria.

"Nini hii?" Hugues aliuliza.

"Ni original."

Hugues alichukua kimoja, akakipima mkononi, akakigeuza. Ilionekana wazi kwamba anatafuta upande wa kutokea.

"Mwenye aliniuzisha alikuwa na cravate mu shingo," alisema mwishowe.

"Basi tumshukuru."

"Lakini shemeki, logiciel iko sawa. Hapo siye hatukukosea. Njo casque iko..."

"Hugues," Larissa alisema, kwa ile sauti yake ndogo, "kunywa chai."

Alikunywa chai. Kwa haki yake ni lazima tuseme kwamba aliunga ule waya uliochomoka, tena vizuri, bila kutoa maelezo yoyote.

Casque nyingine haikuwepo, kwa sababu ile ya zamani alikuwa ameitupa kama Hugues alivyomwambia, na albamu ilikuwa inasubiriwa. Larissa akafungua programu tena. Ilikuwa na sehemu ambayo Hugues hakuwahi kuigusa, kwa sababu iliomba mtu asikilize: unaweza kuuchora mstari mwenyewe, ukapandisha hapa na kupunguza pale, bila kuchagua jina lolote. Lakini kuuchora kwa kufuata nini? Aliwaza siku nzima huku akipiga mihuri. Kisha akaona kwamba jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Ukweli haukuwa ndani ya casque, wala ndani ya programu. Ulikuwa unaimba kila Jumatano pale barazani pa salle ya parokia, na haulipishi.

Jumatano alikwenda na kompyuta, akakaa kwenye benchi mbele ya chorale. Waliimba, alisikiliza kwa masikio yake matupu. Walipopumzika, alivaa casque na kusikiliza rekodi ya walewale watu na uleule wimbo, akapunguza besi ile ya lori, akapandisha juu kidogo. Wakaimba tena; akavua. Akavaa. Akavua. Watu wa altos, zile sauti za chini za wanawake, walisema muke wa Ignace ameathirika na ile Jumapili. Kufikia mwisho wa mazoezi alikuwa na mstari wake, umepinda kama barabara zetu, na ndani ya ile takataka ya Kampala chorale iliimba karibu kama ilivyokuwa inaimba pale barazani.

Alirudi nyumbani akaanza mixage upya, na safari hii kila kitu kikakaa. Wanaume walirudi kutoka uhamishoni. Gitaa likapumua. Kitu kimoja kilikataa: Maman Georgette. Larissa alipunguza, akalainisha, akamsogeza nyuma. Sauti ikabaki ngumu, imekazwa kama kamba ya nguo, na kila "s" inachoma. Alikumbuka pale barazani, na hapo akakiri kitu ambacho masikio yake yalimwambia mapema akakataa kuyasikia: hivyo ndivyo mama mkwe anavyoimba sasa. Rekodi za zamani, za wakati Ignace bado kijana, zilikuwa na Georgette mwingine, sauti ya asali. Mahali fulani njiani sauti imekaza, chorale nzima imeona, na chorale nzima imeamua kwamba kosa ni la spika.

Jumamosi Maman Georgette alikuja kusikiliza. Ignace alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli Kavumu. Larissa alimvalisha mama mkwe casque, akaweka wimbo.

"Sinajisikia," alisema Maman Georgette.

"Uko naimba, Maman."

Maman Georgette alibana casque masikioni. "Kuko ngoma na babaume tu. Umenirudisha mu blanketi."

Larissa alikuwa amechoka kugombana. Akaushika ule mstari na kupandisha sauti za juu kidogo.

"Bado."

Akapandisha.

"Bado, Mama Fabiola," alisema, akimwita kwa jina la binti wa Larissa na Ignace. "Niko mbali."

Akapandisha, akapandisha tena, mpaka mstari ukasimama kama njia ya kupanda Kadutu. Ndipo uso wa Maman Georgette ukafunguka, kidevu kikainuka, macho yakafumbwa, uleule uso wa Jumapili.

"Hapo! Hapo njo naimba. Acha vile."

Larissa aliomba casque aonje. Aliivua kichwani upesi kuliko alivyoivaa; ilikuwa msumari juu ya sahani. Akaiangalia casque, akauangalia mstari, akamwangalia mama mkwe wake aliyekuwa ameketi na tabasamu. Jumapili ile hakukuwa na mzaha wowote. Mwanamke huyu alikuwa amesikia wimbo muzuri.

Alimrudishia casque. Kisha akachukua kipaza sauti chake cha kurekodia, akakiunga kwenye programu chini ya mstari uleule, akakisogeza mdomoni, na kusema kwa sauti yake ya kila siku:

"Maman, unanisikia?"

Maman Georgette aligeuka kutazama mlango. Hakukuwa na mtu. Akageuka polepole kumtazama Larissa.

"Ni weye?"

"Njo miye, Maman."

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Kitu yote. Sema."

Larissa, ambaye kwa miaka alikuwa amejitayarishia hotuba kali kadhaa kwa ajili ya nafasi kama hiyo, hakukumbuka hata moja.

"Chai iko tayari, Maman," alisema.

Maman Georgette aliweka mkono juu ya meza, kama mtu aliyesikia nyumba imesogea.

"Uko na sauti ya kitoto vile? Siku zote?"

"Njo sauti yangu."

"Miye nilizania uko nanung'unika. Nilisema: Ignace ametuletea muke wa kunung'unika mu pembe."

"Na miye nilizania unanichukia."

"Kidogo," alisema Maman Georgette, ambaye hakuwa na desturi ya kudanganya. "Pale mwanzo. Juu ya ile sombe ulipika."

Nje, mchungaji alikuwa anaona maono ya gari. Maman Georgette alikuwa anazungusha pete yake kidoleni, na alipozungumza tena alikuwa anaongea na pete.

"Simu nayo. Hugues anasemaka: Maman, nakupigia, haukamate. Na ku misa, batu banasema Georgette iko na maringo, tunamusalimia haitike. Mu chorale bananicheka?"

Larissa aliona uongo mzuri umepita karibu, akauacha uende.

"Hakuna anakucheka, Maman. Banafungaka tu masikio."

"Ah bon."

"Banasema ni spika."

"Batu bazuri," alisema Maman Georgette. "Bajinga, lakini bazuri." Na machozi yakamtoka, nayo aliyapangusa kwa foulard kwa hasira, kana kwamba yamekuja bila kualikwa. Larissa alimshika mkono. Alikuwa hajawahi kuushika isipokuwa kwa kusalimia.

Daktari wa masikio alithibitisha wiki iliyofuata kwa maneno marefu ya Kifaransa: sauti kali ndizo zinazoondoka kwanza, umri ukipanda, na mwenyewe hajui kwamba zimeondoka; anadhani dunia ndiyo imeanza kusema chini. Kwa hiyo anapaza, anakaza, anasubiri kujisikia. Alisema kuna kifaa kidogo cha kuweka sikioni. Hugues alisema anaweza kukitafuta Kampala, na familia nzima ikasema hapana kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza familia hiyo kuimba kwa sauti moja. Kifaa kilitoka kwa daktari mwenyewe, na kwa siku chache za mwanzo Maman Georgette alikasirikia kila mtu kwa kelele zake: vijiko, mifuko ya plastiki, viatu vya Ignace.

Kuhusu chorale, hakungoja aombwe. Jumatano alisimama katikati ya baraza na kusema kwamba ameona vema kumpandisha cheo Yolande, soprano wa pili, msichana mpole aliyekuwa amesubiri kwa imani ya wale watakatifu wanaongojea mbinguni bila tarehe. Alisema ni uamuzi wake, umefikiriwa, na hataki maswali. Chorale ilihuzunika kwa furaha kubwa. Papa Télesphore alitaka kutoa hotuba ya kumsihi abadili mawazo, ila alikuwa na busara ya kuifanya fupi, asije akamshawishi kweli. Maman Georgette alihamia kwa altos, ambako sauti ni za chini na aliweza kujisikia bila kukaza. Baada ya wiki kadhaa ile asali ya zamani ilianza kurudi, kwa matone. Altos wengine hawakufurahi. Sasa walikuwa na mkubwa.

Yolande alirekodi nyimbo zote upya, Larissa akamaliza mixage, na albamu ikatoka Jumapili moja ya mvua. Iliuzwa ndani ya clés USB, zile flash, kwenye mlango wa kanisa. Je, ilivuka mipaka? Shangazi mmoja alifika nayo Cyangugu, upande wa Rwanda, na Papa Télesphore alilitangaza hilo kwenye altare. Safari hii alimtaja Larissa pia, kwa jina la "Larissa na mume wake Ignace kwa mchango wao wa kiufundi". Ignace alipungia watu mkono.

Mchana, wote walikula Nguba, kwa Larissa. Kulikuwa na samaki, ugali wa fufu, sombe ya majani ya muhogo. Albamu iliimba taratibu kwenye redio juu ya kabati, na Hugues alikuwa anamweleza mgeni fulani kwamba siri ya sauti ile ni logiciel. Maman Georgette alikuwa amekaa karibu na Larissa, anatoa miba kwenye samaki kwa vidole vya uangalifu. Wimbo wa tatu ulipofika katikati, vidole vilisimama.

"Mama Fabiola."

"Maman?"

"Huyu Yolande. Pale ku refrain, ku kiitikio. Anaanguka kidogo chini."

Larissa alitazama redio, kisha akamtazama mama mkwe.

"Anaanguka, Maman. Nilijaribu kumuinua, akakatala."

"Umesikia pia?"

"Nilisikia tangu ile siku ya kurekodi."

"Bon." Maman Georgette alirudi kwa samaki wake, akang'oa mwiba mmoja mrefu na kuuweka kwenye ukingo wa sahani. Upande wa pili wa meza Yolande, aliyealikwa pamoja na mama yake, alikuwa anacheka, mdomo umejaa fufu. "Usimuambie leo," alisema Maman Georgette. "Leo tumuache akule."